Nani Amekupa Mamlaka Haya? Ziwa, leseni na kazi ya mahakama

Hotuba kwa wafanyabiashara wa samaki, wamiliki wa vyombo vya majini na wanafunzi wa sheria, Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa mwaloni, akina mama wa dagaa, manahodha, mafundi wa boti, na nyinyi vijana wa sheria mliopanda daladala kutoka Malimbe kuja kutusikiliza: mwangaluka!

Nimepewa mada ya katiba na biashara. Najua katiba ikitajwa hapa nchini, mawazo ya wengi hukimbilia uchaguzi, vyama na muda wa rais kukaa madarakani. Hayo ni makubwa na yana siku yake. Leo nataka tuizungumze katiba ile inayokukuta getini saa kumi alfajiri, mzigo wako uko juu ya fuso, na kijana mwenye mashine ya risiti anakwambia lipa au shusha.

Tulifuate gunia moja la dagaa. Limevuliwa na kuanikwa Ukerewe, limepakiwa kwenye boti kuja Kirumba, pale soko la samaki la Mwaloni limenunuliwa na mchuuzi anayelipeleka Lubumbashi. Aliyevua alihitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, iliyotungwa na Bunge Dodoma. Boti iliyolibeba inakaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, chini ya sheria nyingine ya Bunge. Halmashauri ya kule lilikotoka ina sheria ndogo ya ushuru. Halmashauri ya huku lilikoshukia nayo ina ya kwake. Likifika mpakani, ofisa wa forodha hasomi sheria ya Dodoma peke yake. Anasoma Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, iliyopitishwa na Bunge la Afrika Mashariki lenye makao yake Arusha. Gunia moja, na kila aliyeligusa ana sheria yake, sare yake na risiti yake.

Hoja yangu nitaisema mapema, ili hata anayewahi boti aondoke nayo. Mamlaka yakishagawanywa hivi, mpaka kati ya mkono mmoja na mwingine hauwezi kuwekwa na anayesimama getini, na mikutano ya viongozi peke yake haiwezi kuuweka. Anayeuweka ni hakimu na jaji. Naye hawezi kuuweka mpaka mtu mwenye mzigo aende akaulize: nani amekupa mamlaka haya?

Kesi bora ninayoijua juu ya swali hilo ni ya Marekani, na ni kesi ya meli, kwa hiyo wenzangu wa majini mtaielewa haraka kuliko mawakili.

Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 ilisema kwa maneno machache kwamba Congress, yaani Bunge la nchi nzima, lina mamlaka ya kusimamia biashara na mataifa ya nje na biashara baina ya majimbo. Haikueleza biashara ni nini, wala baina ya majimbo panaanzia wapi na kuishia wapi. Jimbo la New York kwa upande wake lilikuwa limewapa watu wawili, Robert Livingston na Robert Fulton, haki ya peke yao ya kuendesha meli za mvuke katika maji yake. Aliyetaka kupitisha meli ya mvuke pale alilazimika kupata ruhusa kwao. Aaron Ogden, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo jirani la New Jersey, akaipata ruhusa hiyo. Thomas Gibbons, aliyekuwa mshirika wake kabla hawajakosana, hakuitafuta. Yeye alikuwa na leseni ya serikali kuu, iliyotolewa chini ya sheria ya mwaka 1793 ya vyombo vya pwani, na kwa leseni hiyo akawa anavusha abiria kati ya New Jersey na mji wa New York. Ogden akamshitaki. Mahakama za New York zikamzuia Gibbons kusafiri, kwa maelezo kwamba maji ya New York yanatawaliwa na New York.

Majimbo jirani hayakukaa kimya. Connecticut na New Jersey yakatunga sheria za kulipiza, kila upande ukitafuta namna ya kuzibana meli za mwenzake. Ninyi mnaoijua Migingo, kisiwa ambacho Kenya na Uganda wamegombea kwa miaka mingi huku wavuvi wakikamatwa katikati, mnajua hali hiyo inavyokuwa.

Kesi ilifika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na mwaka 1824 Jaji Mkuu John Marshall akasoma hukumu. Alisema biashara ni zaidi ya kununua na kuuza. Safari za majini nazo ni biashara. Akasema mamlaka ya Bunge juu ya biashara baina ya majimbo hayasimami kwenye mstari wa mpaka, yanaingia mpaka ndani ya jimbo, kwa sababu safari inayovuka mpaka lazima ianzie mahali na iishie mahali. Leseni ya serikali kuu ikaishinda haki ya peke yao iliyotolewa na jimbo. Maji ya New York yakafunguka kwa meli nyingine, na nauli zikashuka.

Vijana wa sheria, kuna sehemu ya hukumu ile ambayo wengi huiruka. Marshall hakuyanyang'anya majimbo kila kitu. Aliyaachia ukaguzi wa bidhaa, karantini, sheria za afya, biashara ya ndani ya jimbo, barabara na hata vivuko. Aliyasoma mamlaka yote mawili akasema hili ni lako na hili ni la mwenzako. Na wala Gibbons hakuwa mpigania haki. Alikuwa mfanyabiashara mwenye ugomvi na mwenzake, na mwenye uwezo wa kulipa mawakili. Hata hivyo soko moja la nchi ile lina deni kwake, kwa sababu yeye ndiye aliyelipeleka swali mbele ya majaji. Wanasiasa walikuwa na miaka mingi ya kulijibu na hawakulijibu.

Sasa turudi kwetu.

Tanzania haina majimbo ya namna hiyo. Tuna Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, wenye serikali mbili, na Katiba ya mwaka 1977 yenye Nyongeza ya Kwanza inayoorodhesha Mambo ya Muungano. Yalianza 11, leo ni 22. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ya mwaka 2013 ilipendekeza shirikisho la serikali tatu na mambo saba tu ya Muungano. Bunge Maalum la mwaka 2014 likabaki na serikali mbili. Siingii kwenye mjadala huo leo. Ninachowaomba ni muisome ile orodha kwa jicho la mfanyabiashara. Bandari zimo. Biashara ya nchi za nje imo. Ushuru wa forodha umo. Uvuvi haumo. Maana yake mzigo wa minofu ya sangara unaotoka kiwandani hapa kwenda Ulaya unaanza safari chini ya sheria za Bara na kuimaliza chini ya jambo la Muungano, na mwenye kiwanda anatakiwa kuwaridhisha wote.

Bara na Zanzibar wakivutana, nani anaamua? Katiba imeunda Mahakama Maalum ya Katiba, ibara ya 125 mpaka ya 128. Nusu ya wajumbe wanateuliwa na Serikali ya Muungano, nusu na Serikali ya Zanzibar, na uamuzi unahitaji theluthi mbili ya kila upande. Nawaheshimu waliouandika utaratibu huo, kwa sababu walikuwa wanalinda usawa wa pande mbili zilizoungana. Lakini kwa mfanyabiashara ni mlango uliofungwa. Wanaoweza kufika pale ni serikali mbili tu. Mtu wa Unguja anayelalamika kwamba bidhaa yake imetozwa mara mbili akivusha kuja Bara, au mtu wa Bara mwenye malalamiko kama hayo, hana nafasi mbele ya mahakama hiyo, na malalamiko yake yanaishia kwenye vikao vya kero za Muungano. Mimi naona huo ni upungufu mkubwa, na siku tukiandika katiba mpya ningependa mwananchi apewe mlango pale.

Kwa sisi wa kanda ya ziwa, hata hivyo, mvutano wa kila siku uko chini zaidi, kati ya halmashauri na halmashauri. Ibara ya 145 na 146 zimeunda serikali za mitaa na kuzipa madaraka ya wananchi. Ibara ya 138 nayo inasema kodi haitozwi ila kwa sheria ya Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa na sheria hiyo. Halmashauri inatoza kwa mlango huo wa pili: Bunge limeipa uwezo, nayo inatunga sheria ndogo, inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni na pingamizi, inapata idhini ya waziri mwenye dhamana, kisha sheria ndogo inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Hatua moja ikikosekana, unachotozwa hakina msingi, hata kama kimetozwa kwa adabu na kwa mashine ya kisasa.

Niwaeleze jambo moja kwa ukaribu. Mteja wangu mmoja, mama wa makamo anayeuza dagaa, alikuja ofisini na risiti mbili za mzigo uleule. Ya kwanza ya kule alikopakia, ya pili ya geti alilokutana nalo njiani. Zile risiti mnazijua, za karatasi laini ambayo ukiiweka kwenye mkoba wiki mbili maandishi yanafutika. Yeye alikuwa amezipiga picha kwa simu siku ileile, na hilo ndilo lililotuokoa. Tulizisoma mstari kwa mstari. Jina la halmashauri lipo, namba ya mashine ipo, tarehe na saa zipo, kiasi kipo. Kwenye aina ya malipo ya risiti ya pili pameandikwa "ushuru" tu. Ushuru wa nini? Kwa sheria ndogo ipi? Tukaandika barua ya kurasa mbili: tupeni jina la sheria ndogo, mwaka wake na tarehe iliyotangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Baada ya kusubiri sana jibu likaja, likiwa na fotokopi ya muhtasari wa kikao cha madiwani.

Ndugu zangu, kikao cha madiwani si sheria ndogo. Muhtasari wenye muhuri na sahihi hauwezi kumtoza mtu hata shilingi mia. Na hata sheria ndogo iliyotungwa vizuri, ikigongana na sheria ya Bunge, ni batili kwa kiasi kile inachogongana. Hivyo ndivyo Sheria ya Tafsiri ya Sheria inavyosema. Mama yule hakuhitaji kwenda Dodoma kumlilia mbunge. Alihitaji karatasi zake na mtu wa kuziuliza swali.

Sisemi Bunge halijafanya kitu. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo wa mazao usiozidi tani moja ukaruhusiwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine bila ushuru. Wakulima wadogo waliona nafuu. Lakini nafuu iliyotolewa kwa sheria ya fedha ya mwaka mmoja inaweza kuondolewa na sheria ya fedha ya mwaka mwingine. Tazameni wenzetu wa ng'ambo ya ziwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeunda kaunti 47, Kisumu, Siaya, Busia, Homa Bay na Migori zikiwa hapa ziwani, na ikazipa uwezo wa kutoza. Papo hapo ibara ya 209 ikaweka kikomo: uwezo huo usitumike kwa namna ya kuumiza sera za uchumi za taifa, shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, au mwendo wa bidhaa, huduma, mitaji na nguvukazi nchini. Kampuni ya madini iliyokuwa ikisafirisha mzigo kutoka Kwale mpaka bandari ya Mombasa ilitozwa na kaunti ya Mombasa, ikaenda mahakamani, ikapanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2021 ikashinda. Sentensi kama ile ya ibara ya 209 ndiyo ningeiomba kwanza katika katiba yetu, kabla ya mengine mengi yanayopigiwa kelele.

Tupande ngazi ya juu zaidi, Arusha.

Shirikisho la Afrika Mashariki si ndoto mpya. Tarehe 5 Juni 1963, Kenyatta, Nyerere na Obote walitia sahihi jijini Nairobi azimio la kuunda shirikisho kabla mwaka haujaisha. Halikuundwa. Jumuiya ya mwaka 1967 ikavunjika 1977, na wazee waliopo hapa wanakumbuka mali za pamoja zilivyogawanywa, reli na meli za ziwani zikiwemo. Mkataba wa sasa ulisainiwa tarehe 30 Novemba 1999, na ibara ya 5 bado inataja shirikisho la kisiasa kama mwisho wa safari. Tofauti kubwa ninayoiona mimi kati ya jumuiya ile na hii ni kwamba hii ina mahakama ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikia. Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupeleka Arusha sheria, kanuni, amri, uamuzi au kitendo cha nchi yoyote mwanachama akidai kinavunja Mkataba.

Aliyetumia mlango huo kwa biashara ni kampuni ya sigara. Uganda mwaka 2017 ilibadili sheria yake ya ushuru wa bidhaa, ikaweka kiwango kimoja kwa sigara zinazotengenezwa Uganda na kiwango cha juu zaidi kwa zinazoingizwa kutoka nje. BAT Uganda ilikuwa inaleta sigara zake kutoka Kenya, nchi mwanachama. Ikaishitaki Serikali ya Uganda Arusha, na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba ubaguzi ule ulikwenda kinyume cha Mkataba na Itifaki ya Umoja wa Forodha: bidhaa ya nchi mwanachama haiwezi kutozwa kama ya mgeni. Siipendi sigara na sitaisifia hapa. Lakini msingi uliowekwa pale ni wa sangara wa Mwanza anayeuzwa Busia kama ulivyo wa sigara ya Nairobi. Inanisikitisha kwamba waliofika kule wengi ni makampuni makubwa na mashirika ya wanasheria, wakati anayeumia zaidi mpakani ni mtu mwenye gunia kumi.

Lipo jambo la moto ambalo nisiposema mtasema nimekwepa. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwemo uwakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, na kununua mazao shambani. Wenzetu wa Kenya walilalamika, wakitaja Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010, ambayo inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha shughuli katika nchi nyingine. Ninawaelewa wamachinga wetu wa Makoroboi. Mtu mwenye mtaji wa laki mbili akishindanishwa na mwenye mtaji wa milioni mia kwenye meza moja, hapo hakuna ushindani. Ninamwelewa pia kijana wa Musoma aliyefungua duka Migori, ambaye atalipiziwa kisasi. Kinachonitia hofu ni nchi mbili kuanza kulipizana kama New Jersey na New York. Itifaki imeruhusu mipaka fulani na imekataza mingine, na ipo mahakama yenye kazi ya kusema amri hii imeangukia upande gani. Wanaoona imewaumiza waipeleke huko, na wanaoitetea wakaitetee huko, kwa hoja.

Hapa lazima niwaonye wenzangu wafanyabiashara, maana naona nyuso zimeanza kuchangamka. Nikisema mahakama iwawekee watawala mipaka, sisemi mahakama ivunje kila kanuni inayowabana. Marekani yenyewe iliwahi kupotea njia hiyo. Mwaka 1905 jimbo la New York lilikuwa na sheria inayosema mwoka mikate asifanyishwe kazi zaidi ya saa 10 kwa siku na 60 kwa wiki, kwa ajili ya afya yake. Mahakama, kwa kura tano dhidi ya nne, ikaifuta, kwa maelezo kwamba mwajiri na mwajiriwa wana uhuru wa kupatana watakavyo. Uhuru gani wa kupatana anao mtu asiye na chakula cha kesho? Ilichukua mpaka mwaka 1937 kwa mahakama hiyo kugeuka na kukubali kwamba jimbo linaweza kuweka kima cha chini cha mshahara. Zaidi ya miaka thelathini ambayo majaji walitumia katiba kuwalinda wenye nguvu.

Nasi tuna yetu ya kukumbuka. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia hapa Mwanza, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na makaburi ya Igoma yapo. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka ikikaribia Ukara, tena imejaa kupita kiasi, tukapoteza watu zaidi ya 220. Mwenye boti anayekuja kwangu akitaka nimsaidie kuipinga idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye cheti chake, au sharti la maboya ya kujiokolea, namwambia atafute wakili mwingine. Vilevile kwa nyavu haramu. Sangara wa chini ya sentimita 50 ukimvua leo, mwanao hatavua kitu. Kokoro likikokotwa kwenye mazalia ya sato linamaliza mpaka wasiozaliwa.

Lakini operesheni halali inaweza kufanywa kwa njia haramu, na hapo mahakama ina kazi. Ofisa ana uwezo wa kukamata nyavu. Nani amempa uwezo wa kuichoma kabla mwenye nyavu hajasikilizwa? Faini imeandikwa katika sheria ipi, na kiwango chake nani amekipanga, pale ufukweni saa ile au Bunge? Ibara ya 24 ya Katiba yetu inalinda mali ya mtu, na Mahakama ya Rufani ilishasema miaka ya 1990, katika kesi ya ardhi, kwamba hata haki ya kimila ya kumiliki ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Hapa hapa Mwanza, Mahakama Kuu, Jaji James Mwalusanya, mwaka 1990 aliamua rufaa iliyomhusu mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake akasema mila hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akaiangalia mila, akaiangalia Katiba, ambayo wakati ule Hati ya Haki za Binadamu ilikuwa imeingizwa miaka sita tu iliyopita, akasema mwanamke ana haki ileile ya kuuza aliyonayo mwanamume. Hiyo ni hukumu ya biashara kama ilivyo ya haki za wanawake. Mtu asiyeweza kuuza mali yake hawezi kukopa kwayo wala kujenga mtaji. Ilitoka katika mji huu, na ilitoka kwa sababu mwanamke yule hakukubali yaishe aliposhindwa katika mahakama ya mwanzo.

Nimalizie na mambo ya saa na kalenda, kwa kuwa kesi nyingi nzuri nimeziona zikifa kwa kuchelewa. Ukitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa ofisa au wa halmashauri na kuutengua, una miezi sita ya kuomba ruhusa, inayohesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Ukitaka kuishitaki halmashauri kwa madai ya kawaida, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 unatoa notisi ya siku 90 na unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Kwa wengi wenu hiyo ni gharama kubwa, kwa hiyo msiende mmoja mmoja. Watu thelathini wenye risiti za geti lilelile wanaweza kuchangia wakili mmoja. Arusha ndiko kugumu zaidi: miezi miwili tu, tangu sheria ilipotungwa au kitendo kilipofanyika, au tangu ulipokijua. Anayesubiri kikao cha mawaziri kimalize jambo lake atakuta miezi miwili imekwisha kikao hakijapangiwa tarehe. Na nyinyi wanafunzi, isomeni ibara ya 34 ya Mkataba, inayomruhusu hakimu wetu wa hapa nyumbani kuiuliza Mahakama ya Arusha tafsiri ya Mkataba kesi ikiwa bado mbele yake. Mawakili wachache sana huwakumbusha mahakimu kwamba uwezo huo wanao. Anzeni nyinyi.

Wenye risiti, zipigeni picha leo kabla hazijafutika, na pembeni mwandike mlikuwa wapi, saa ngapi na mlibeba nini. Wanafunzi wanne wako kwenye meza ya mlangoni na daftari. Kila atakayeacha nakala tutaiandikia halmashauri husika barua moja yenye swali moja, sheria ndogo ipi na Gazeti la tarehe gani, na majibu tutayasoma hapa hadharani mkutano ujao.